Neno Kama

Asubuhi nimeondoa kibao cha jina lake mezani,
KADZO MWARINGA, JAJI WA RUFAA,
nikaweka cha jaji aliyeletwa alfajiri kutoka Mombasa.
"Mheshimiwa amejitoa," nikawaambia mawakili.
Wakatazama viatu vyao. Sababu imo ukurasa wa kwanza wa jalada:
hukumu inayopingwa aliiandika yeye, Lamu,
akiwa na miaka ishirini na saba
na joho lenye harufu ya duka.

Nilikuwapo. Mimi, Lali Famau, mkalimani wa korti,
ndiye niliyepokea sanduku lake la vitabu gatini.
Punda wawili walilikataa. Wa tatu alilibeba kwa ghadhabu.
Kutwa tulisikiliza: mbuzi walioingia shamba la watu,
misokoto ya bangi ndani ya mkate,
kiwanja cha Langoni chenye hati tatu na mwenyewe marehemu.
Aliandika kwa mkono wa kushoto, mbio,
jioni ubavu wa kiganja wote wino.
Hukumu zake zilikuwa fupi. Nairobi wakazipenda.

Ndipo Kombo Bwanaheri akasimama kizimbani:
mashine ya boti imeibwa Shela, mlinzi kavunjwa mkono kwa nondo.
Shahidi mmoja, muuza viazi vya karai.
Akasema kwa Kiamu chake, taratibu,
"Nimwene kama Kombo. Kwali na kiza."
Saa saba ilikwishapita. Feni imekufa. Njaa.
Mimi nikageuza kwa Kiingereza: shahidi alimwona Kombo.

Neno moja limedondoka, senti ndani ya ufa wa sakafu.
Nani huinamia senti?

Kitanzi, ilivyotaka sheria;
kisha kitanzi kikageuzwa maisha.

Yeye akapanda. Hakimu mwandamizi, Garissa,
alikolala na ndoo ya maji kando ya kitanda.
Hakimu mkuu, Kakamega.
Halafu meza ndefu ya Tume, watu wakimuuliza
madeni yake, kanisa lake, kwa nini hakuolewa,
na hukumu zake ngapi zimebatilishwa.
"Nne," akasema. "Ya tano ikija nitaisoma."
Mahakama Kuu. Miaka tisa ya ardhi na mauaji.
Halafu Rufaa, na Malindi, mwendo mfupi kutoka Ganda
ambako babaye aliuza korosho amsomeshe.
Mimi pia nilipanda: basi, na magunia yangu, uhamisho wa karani.

Kombo hakupanda popote. Rufani yake ya kwanza ilitupwa.
Ya pili ikalala masjala, ikapotea,
ikaonekana chini ya katoni za karatasi
kingo zimeliwa na mchwa.

Leo imechukua dakika kumi na mbili.
Giza; taa haikutajwa; shahidi mmoja. Aachiliwe.
Akamgeukia askari, mzee sasa, akauliza,
"Nitokee mlango gani?"

Saa kumi na moja Jaji akaniita ofisini. Alitaka lile jalada.
Akafungua palepale, bila kutafuta, ukurasa wa arobaini na moja.
Kiingereza chake, mbio, kimelalia upande wa kushoto.
Na pembeni, kwa penseli iliyofifia, neno moja la kwetu:
kama?

Alilisikia, basi. Mimi sikulisema, naye hakuniuliza.
Tukalitazama wote wawili.
"Ana nauli?" akasema hatimaye.
Nikajibu nimempa.
Hakutaka kujua kiasi gani.

Akavaa miwani, akavuta jalada la kesho.
Juu yetu feni ilizunguka kama
hapana. Feni ilizunguka.